Mkituambia "kali" tu hamjatusaidia

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wa ukurasa wa burudani. Mimi ni mmoja wa hawa wanaotunga muziki wa filamu kwa sintesaiza, yaani vyombo vinavyotengeneza sauti kwa umeme, zile za kwenye kompyuta na zile zenyewe za kushika na kuzungusha vitufe, na nimeona niandike kuhusu hii tabia ya maoni ya mtandaoni, kwa wanaosikiliza na pia kwa watunzi wenzangu maana na sisi hatuko salama kwenye hili.

Iko hivi. Mtu anamaliza kipande cha dakika nne, anakiweka mtandaoni, anaandika "naomba maoni yenu", halafu anaanza kupokea: kali sana, moto, noma, vikatuni vya moto mstari mzima, na hakosekani mmoja wa kusema huu sio muziki ni mashine tu. Sasa jamani mtu anafanyaje na maoni kama hayo? Atafurahi jioni hiyo au atanuna jioni hiyo, ila kesho yake akifungua kazi kwenye kompyuta bado hajui aguse wapi.

Huyo wa mashine nimalizane naye kwanza. Kwa taarifa yake ubishi huo ni mzee kuliko yeye. Mwaka 1956 filamu ya Kimarekani Forbidden Planet ilitoka ikiwa na muziki wa kielektroniki mwanzo mpaka mwisho, kazi ya mume na mke, Louis na Bebe Barron, na kwenye orodha ya majina kazi yao haikuitwa hata muziki, ikatafutiwa maneno mengine. Ikafika 1982, mtunzi Mgiriki Vangelis akachukua Oscar ya muziki wa filamu kwa Chariots of Fire, hadithi ya wakimbiaji wa Olimpiki ya 1924, yaani picha ni za miaka ya ishirini na muziki ni wa sintesaiza na watu wakaona sawa tu. Halafu isitoshe, fidla ukiishika tayari ina sauti yake, sintesaiza ukiianza tupu inakupa mlio mbichi kama nyuki kwenye kopo, ni wewe unaamua ukate sauti zipi kwa filta, mlio upande taratibu au ghafla, ukae muda gani, ufe vipi. Mashine haijaamua kitu hapo. Basi, tuendelee.

Kinachonisumbua zaidi ni hawa wanaotupenda, maana nia wanayo ila hawajui waseme nini. Ningeomba waanze na kitu kidogo, waseme wamesikilizia nini. Inaonekana jambo dogo lakini komenti nyingi za "mbona bezi hakuna" au "mbona imepoa" zinatoka kwa mtu aliyesikiliza kwenye spika ya simu, na spika ya simu zile sauti za chini kabisa haitoi, mngurumo wa hezi 50, yaani mitetemo 50 tu kwa sekunde, ambao kwenye hedifoni nzuri unausikia mpaka kifuani kwenye simu haupo, umefutika, na pengine tukio zima lilikuwa limejengwa juu ya mngurumo huo. Simsemi vibaya mtu wa simu, wengi ndo wanasikilizia huko na mtunzi mwenye akili anaongeza sauti nyingine juu ya ule mngurumo ili hata kwenye simu usikike kidogo. Ila aseme, ili nijue kama tatizo ni muziki wangu au ni spika yake.

Jingine, muziki wa filamu sio wimbo, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Mtu anasikiliza anasubiri kiitikio, kiitikio hakiji, anaandika "mbona tupu". Ndugu yangu, ni tupu kwa sababu hapo kuna watu wanaongea! Ile sehemu ya sauti inayotufanya tuelewe maneno ya mtu iko zaidi kati ya hezi 1000 na 4000 hivi, na sauti za sintesaiza zikiachwa wazi zinajazana hukohuko, kwa hiyo mtunzi anafunga filta, anashusha, anaacha nafasi makusudi ili mama kwenye filamu akimwambia mwanae kitu kisikike. Ukisikiliza muziki huo peke yake bila picha ni kweli utauona umepungukiwa, na ulitakiwa upungukiwe.

Hapo lakini lawama naigeuzia kwa watunzi. Wewe unaweka muziki peke yake, hujasema ni tukio gani, hujasema kuna mazungumzo au hamna, unategemea msikilizaji aote? Kama huna haki ya kuonyesha picha za filamu basi andika mistari miwili, mwanamke anarudi nyumbani usiku, mlango uko wazi, haongei mtu. Imetosha. Na hilo swali letu la "mnaionaje" tuliache kabisa, kiukweli sio swali ni kuomba kusifiwa, na watu wana adabu wanakusifia wanapita. Uliza kitu kimoja chenye jibu: ulianza kuogopa kabla mlango haujafunguka au baada? Mtu yeyote anaweza kujibu hilo, hata asiyejua kinanda kina funguo ngapi.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwangu ni dhahabu: dakika na sekunde. Niambie "kwenye 2:10 nilishika simu nikaanza kusoma meseji", nitakushukuru mpaka kesho. Sisi kazi yetu inahesabiwa kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu, na filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde moja, ukiweka mwendo wa mapigo 120 kwa dakika kila pigo linaangukia kila baada ya fremu 12, ndo maana mlango ukifungwa na muziki unafungwa palepale. Kwa hiyo ukinipa sekunde umenipa mahali kabisa, naenda pale naangalia, mara nyingi nakuta sauti ileile imekaa muda mrefu haibadiliki na sikio limeshaizoea.

Ila kuna kitu hapa lazima niseme hata kama wengine watanuna. Msikilizaji akisema pale 2:10 pamelala, mwamini. Akisema "ongeza ngoma", usimwamini haraka hivyo. Kuchoka amechoka kweli, hilo hawezi kukosea maana ni mwili wake, lakini dawa anayoitaja ni ile aliyoizoea kwenye nyimbo, na ukifuata kila dawa ya kila mtu kipande cha huzuni kitaishia kuwa cha kuchezeka harusini. Pengine pale palihitaji filta ifunguke polepole kwa sekunde ishirini ili sauti izidi kung'aa bila mtu kujua kwa nini anakaa vizuri kwenye kiti, au sauti moja itolewe, maana kuondoa nako kunaamsha sikio. Nimeona watunzi wazuri tu wakiharibu kazi kwa kutii komenti moja moja, leo ngoma, kesho gitaa, keshokutwa mtu kasema irudishwe ilivyokuwa.

Na wale mafundi wenzetu nao wana lao, hawa hawasikii tukio wanasikia vifaa. "Aah hiyo sauti ya DX7 imechoka." Ni kweli, hiyo ni sintesaiza ya Yamaha iliyotoka 1983, kuitengenezea sauti zako mwenyewe ilikuwa shughuli pevu, watu wengi wakabaki na zile zilizokuja nazo kiwandani mpaka zikasikika kila mahali. Lakini anayeangalia filamu halijui hilo na halimhusu, kama kinanda kile kinamliza basi kinamliza. Maoni ya fundi yasomeni kwa kujifunza kazi, ya mtazamaji kwa kujua kama kazi imefika, msiyachanganye.

Nisisahau na suala la sauti kubwa. Wanaoweka matoleo mawili na kuuliza lipi zuri, yasawazisheni kwanza ukubwa wa sauti, maana sikio la mtu likipewa kitu kilekile mara mbili na kimoja kimepandishwa kidogo tu litachagua kile cha juu na litakupa na sababu za uongo, oo kina hisia zaidi. Na kukandamiza muziki uwe na makelele hakulipi siku hizi, mitandao mikubwa inausawazisha yenyewe, Spotify kwa mfano kwa kawaida inalenga LUFS hasi 14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wewe uliyeua pumzi yote ya kipande chako unashushwa tu unabaki bapa.

Kwako Mhariri nina ombi. Ukurasa wenu ukichambua filamu unatuambia hadithi, waigizaji, nguo, mpaka nani kagombana na nani, muziki unatajwa kwa nadra na ukitajwa ni "muziki mzuri", yaani ndo ileile "kali" ila imevaa tai. Mwambieni mwandishi wenu aandike japo mistari mitatu, muziki uliingia wapi, ulinyamaza wapi, ulimfanyia nini pale alipokaa, na jina la aliyetunga liwepo. Wasomaji wakizoea kuona mambo yanasemwa hivyo nao wataanza kutuandikia hivyo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtunzi wa muziki wa filamu