Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Safari Nne, Tarehe Nane

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Januari mwaka jana, katika ukumbi huuhuu, tulipitisha safari nne, kila moja na tarehe yake. Nikazibandika mwenyewe kwenye kundi letu la WhatsApp. Kati ya hizo nne, ni moja tu iliyoondoka Dar es Salaam siku tuliyoiandika. Moja ilisogezwa mara tatu, moja ilisogezwa mara moja kwa hiari yetu, na moja haikufanyika kabisa. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nataka kueleza yaliyotupata, nani aliumia, na kamati inawaomba nini leo kabla hatujagusa kalenda ya 2025.

Nianze na Mafia, kwa sababu ndiko tulikohangaika zaidi.

Tulipanga kuondoka Ijumaa tarehe 1 Machi. Tarehe hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Papa potwe, wale samaki wakubwa tuliotaka kwenda kuwaona, huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, wakati bahari ina upepo wa kaskazi na maji yametulia. Upepo wa kusi ukishaingia, kuanzia Aprili, mawimbi yanakuwa makubwa na samaki hawa hawaji tena juu karibu na pwani. Wapo, hawahami. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waliona kwamba wengi hubaki mwaka mzima kwenye maji ya Mafia, ila miezi hiyo wanakaa mbali zaidi na chini zaidi, ambako mtu mwenye miwani ya kuogelea hawezi kuwaona. Zaidi ya hapo tulitaka kurudi kabla ya Ramadhani. Wanachama 26 walikuwa wamelipa, na kosta ilitakiwa kutuchukua Mbagala saa kumi alfajiri.

Alhamisi jioni, tarehe 29 Februari, tukatangaziwa kwamba Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wetu wa awamu ya pili, amefariki. Nchi ikaingia kwenye maombolezo ya siku saba. Kamati ilizungumza kwa simu usiku uleule na hatukumaliza dakika kumi. Hakuna mwanachama aliyelalamika, na nawashukuru kwa hilo. Wengi wetu tulisoma tukiwa tumevaa mitumba iliyoingia nchini enzi za Mzee Ruksa. Kwenda kuogelea siku anayozikwa kule Unguja kusingekaa vizuri kwa yeyote kati yetu.

Lakini yaliyofuata hapo ni makosa yetu, na la kwanza ni langu.

Ramadhani ilianza tarehe 12 Machi, Idi ikawa tarehe 10 Aprili. Nikafungua kalenda, nikaona Ijumaa tarehe 26 Aprili ni sikukuu ya Muungano, siku tatu mfululizo za mapumziko, nikasema hapo hapo. Nilitazama siku nyekundu za kalenda, sikutazama mbingu. Aprili ndiyo kitovu cha masika, na mwaka ule tulikuwa tumeshaambiwa kuhusu El Niño, tumeshaona mvua za vuli zilivyofanya Desemba kule Hanang. Siku moja kabla ya safari yetu, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba watu 155 wamepoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko nchini. Rufiji ilikuwa imefurika, na sisi kwenda Nyamisati kupanda kivuko tunapita Mkuranga, kisha tunakata kushoto pale Bungu, wilayani Kibiti. Tungewapita watu waliohamishwa majumbani mwao, sisi tukiwa na mabegi ya ufukweni.

Tukasogeza wiki moja, hadi tarehe 3 Mei. Hili la pili ni kosa la kamati nzima. Mvua ya masika haijui wiki. Ukisogeza safari siku saba ndani ya Aprili na Mei, bado upo chini ya wingu lilelile, umebadilisha karatasi tu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikaanza kutoa tahadhari ya kimbunga Hidaya. Boti za Unguja zikasimamishwa. Tarehe 4 Mei, siku ambayo sisi tulitakiwa tuwe Chole tukila pweza, kimbunga kiliingia nchi kavu palepale Mafia. Baadaye tukasikia barabara ya Lindi imekatika Somanga. Nashukuru Mungu kwamba hatukuwa njiani. Hata hivyo, taarifa za kimbunga zilianza kutoka mapema kuliko uamuzi wetu. Tuliahirisha usiku wa kuamkia safari, tukitumaini kitageuka.

Usiku ule niliwapigia watu 23 mmoja mmoja, kwa sababu niliona si haki mtu asome kwenye simu tu. Dada mmoja wa Tandika anayeuza vitafunwa alipopokea nilisikia mafuta yanachemka nyuma yake. Alikuwa anakaanga maandazi ya kundi zima, alishaandaa kilo tano za unga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, Mwenyekiti, basi kesho nitayatembeza." Aliyatembeza kwenye mvua. Mwanachama mwingine, muuguzi, alikuwa amebadilishana zamu na wenzake kwa mara ya tatu. Kila zamu aliyoiomba alipaswa kuilipa kwa usiku wake mwenyewe, na zile za Machi alikuwa bado hajamaliza kuzilipa.

Kuhusu fedha: mwenye kosta alikubali kutubebea malipo hadi tarehe nyingine, na anastahili asante yetu. Nyumba ya wageni tuliyokuwa tumeweka kianzio ilikubali kusogeza mara ya kwanza na ya pili, ya tatu ikakataa, na shilingi 480,000 zikapotea. Nimejaribu mara nne kuzungumza nao. Hatukuwa na maandishi yoyote ya kuonyesha tulikubaliana nini, na hilo halitajirudia.

Hatimaye tulikwenda tarehe 7 hadi 9 Desemba, wikiendi ya Uhuru. Tulikuwa 19. Nahodha alituambia tangu ufukweni: msiguse, msikae mbele yake, msirukie majini kwa kishindo, na mmoja asimpite mwenzake kwa kugombania picha. Bahari ilikuwa kama chai kwenye sahani. Kwanza tuliona ndege wakishuka juu ya maji, kisha doa jeusi, kisha pezi. Nilipoingia majini alipita chini yangu, mgongo una madoa meupe yaliyopangwa kwa safu kama kanga, mdomo wazi, anachuja uduvi na dagaa wachanga bila haraka yoyote. Naamini alikuwa na urefu wa kosta yetu. Nimeishi Dar es Salaam miaka 41, nimekula samaki wa Feri maisha yangu yote, na sikuwahi kujua kwamba mnyama huyu yuko mwendo wa nusu siku kutoka kwangu.

Yule muuguzi hakuwepo. Safari ya nne hakupata wa kubadilishana naye. Niliporudi nikaenda kumrudishia fedha zake nyumbani. Akazisukuma mezani kurudi kwangu. "Ziache hukohuko. Ila safari hii mniulize mimi kwanza." Maneno hayo ndiyo yaliyoandika pendekezo la kwanza la kamati, nitakalolisoma baadaye kidogo.

Lushoto. Tuliipanga Pasaka, tarehe 29 Machi hadi 1 Aprili, katikati ya Ramadhani. Kwa Mafia tuliukumbuka mwezi, kwa Lushoto hakuna aliyeuhesabu. Wanachama waliokuwa wamefunga walituambia kwa upole, wengine kwa hasira, na wote walikuwa na haki. Chama hiki ni cha wote. Huwezi kumwita mtu akapande mlima hadi Irente bila maji halafu ukasema amekaribishwa. Tulifuta safari, tukarudisha fedha zote ndani ya wiki mbili, na kwa niaba ya kamati naomba radhi hapa, mbele ya wote.

Morogoro ilisogezwa pia, lakini kwa raha. Tarehe ya awali ilikuwa 25 Mei. Tuliposikia treni ya SGR inakaribia kuanza, na njia za Uluguru zikiwa bado zinateleza, tuliamua wiki tatu kabla kwamba tutasubiri. Treni ikaanza kubeba abiria kwenda Morogoro tarehe 14 Juni, nasi tukapanda tarehe 6 Julai. Nauli shilingi 13,000, na kabla ya saa mbili kuisha tulikuwa tumeshafika. Kwa basi siku mbaya tungekuwa bado tunahangaika Kibaha na Chalinze. Tulipanda hadi Morningside kwenye lile jengo la Wajerumani, wengine wakateremkia maporomoko ya Choma, Jumapili jioni tukarudi mjini. Hakuna aliyeomba ruhusa kazini. Wanachama 34 walikwenda, idadi kubwa kuliko safari yoyote tuliyowahi kufanya, na sita kati yao hawakuwahi kusafiri nasi kabla. Mnaona tofauti: uamuzi ulifanyika mapema, kwa sababu inayoeleweka, na hakuna aliyekuwa amekaanga chochote.

Kilimanjaro ndiyo iliyoondoka siku yake, Jumamosi tarehe 21 Septemba. Septemba ni kiangazi huko, na tulikuwa tumeiandika miezi minane kabla. Tulikuwa 11, kwa njia ya Marangu, tukilala kwenye vibanda. Wengi walitaka siku tano kwa sababu ya gharama. Kamati ilisimama kwenye siku sita, na nafurahi tulisimama. Sisi ni watu wa usawa wa bahari. Mtu anatoka Kigamboni, siku ya pili jioni yuko Horombo, mita 3,720, na mwili bado unadhani uko nyumbani. Siku ya tatu hatukusonga mbele. Tulipanda taratibu hadi kwenye ile miamba yenye mistari kama ya punda milia, tukarudi kulala Horombo. Hata hivyo mwenzetu mmoja aliamka na kichwa kikimgonga, anatapika, hawezi kushika kijiko cha uji. Kiongozi wetu wa msafara akasema anashuka sasa hivi, si baada ya chai. Alishuka na msaidizi, na jioni ile alitupigia simu kutoka Marangu akicheka. Wawili wengine waligeuzia Kibo. Wanane walifika Uhuru, mita 5,895.

Nitawaambia kitu nilichokiona pale juu. Mwanachama wetu wa Temeke, mwenye miaka 58, alivua glovu, akaenda kwenye ukingo wa theluji, akaiweka kiganjani na kuifumba. Akasubiri hadi maji yakaanza kudondoka kati ya vidole vyake. Alisema marehemu baba yake, aliyetokea Rombo, alikuwa akimwambia kwamba zamani mlima ulionekana mweupe zaidi ukiutazama kutoka chini. Picha za zamani zinasema hivyohivyo. Ndiyo maana napenda twende na watoto wetu pia, wakati bado ipo ya kushika.

Sasa maombi ya kamati.

La kwanza: kabla ya tarehe yoyote kupitishwa, tutawauliza kwanza wale ambao muda wao hauko mikononi mwao. Wauguzi, walinzi, madereva, walimu wakati wa mitihani, na wafanyabiashara wadogo ambao siku moja nje ni mtaji kukatika. Sisi wengine tutajipanga kufuata wao. Mwaka 2024 tulifanya kinyume, na waliolipia kila badiliko walikuwa walewale.

La pili: kila safari iwe na tarehe mbili tangu mwanzo, na ile ya akiba iangukie msimu mwingine au angalau wiki kadhaa mbele. La tatu: kuwe na siku ya uamuzi, siku kumi kabla ya kuondoka. Siku hiyo kamati inasoma taarifa ya hali ya hewa, inapiga simu kwa mwenye gari, kwa kivuko na kwa wenyeji, kisha inatangaza tunakwenda au hatuendi. Baada ya hapo ni msiba mkubwa au hatari tu ndiyo itakayotusimamisha. Na hakuna kianzio kitakacholipwa bila maandishi yanayosema fedha inarudi lini na kwa sharti gani.

Kwa 2025 tunapendekeza hivi. Mafia tarehe 15 na 16 Februari, kabla ya Ramadhani inayotarajiwa kuanza mwanzoni mwa Machi kwa kutegemea mwezi kuandama. Akiba yake ni 8 na 9 Novemba. Machi, Aprili na Mei hatusafiri. Lushoto, ambayo tuna deni nayo, iwe 21 na 22 Juni, akiba ikiwa wikiendi ya Sabasaba. Udzungwa, kwenda kuona maporomoko ya Sanje, iwe Nanenane, akiba 23 Agosti. Kilimanjaro kuanzia 6 Septemba, akiba Januari 2026. Oktoba ni mwezi wa Uchaguzi Mkuu na tumeuacha wazi.

Muuguzi wetu tumeshamuuliza. Tarehe 15 Februari yuko huru, na fedha zake zipo kwa mweka hazina. Wengine wanaotaka kwenda walete kianzio kabla ya tarehe 31 Januari. Siku ya uamuzi itakuwa Jumatano tarehe 5 Februari, na nitawapigia wote jioni hiyo, hata kama jibu ni kwamba tunakwenda.

Mwenyekiti
Dar es Salaam, 19 Januari 2025