Kitabu changu kinauzwa, mimi silipwi

Mhariri,

Juzi, Kariakoo, nilikiona kitabu changu kwenye meza ya mchuuzi: kimetolewa fotokopi, jalada limefifia, ukurasa wa 40 umerukwa. Wanaokinunua wanalipa, ila mimi sipati hata senti.

Watu huniuliza kama nitaacha kuandika. Sitaacha. Shaaban Robert aliandika huku akiwa karani wa serikali ya kikoloni, na wengi wetu bado tunaandika usiku, baada ya kazi. Lakini riwaya inayotaka miaka miwili ya utafiti haiandikwi kwa saa moja ya usiku, macho yakiwa mazito. Hiyo ndiyo itakayokufa kwanza. Ndugu zangu mnaotumiana vitabu kwenye makundi ya WhatsApp, nawaomba: mkikipenda kitabu, nunueni nakala halali.

Mwandishi wa riwaya,
Dar es Salaam