Waajiri wa Dar, pimeni kazi, si lafudhi

Mhariri,

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, nasikia kauli ileile redioni na ndani ya daladala: mtoto akijituma atafika. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata huku Temeke, na hao waliojituma nimewafundisha. Wengi wao hawafiki, wala si kwa uvivu.

Serikali ilifuta ada hadi Kidato cha Nne kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafuta ya Kidato cha Tano na Sita. Jambo hilo naliunga mkono kwa moyo wote, maana madarasa yetu yalijaa watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Lakini mtoto wa Mbagala husoma msingi kwa Kiswahili, kisha Januari ya Kidato cha Kwanza anafunguliwa kitabu cha Baiolojia cha Kiingereza na kutakiwa aelewe. Mwenzake wa Masaki anaongea Kiingereza tangu chekechea, katika shule ambayo hadi mwaka 2025 ilitaja ada yake kwa dola. Zilikuwapo zilizozidi dola 20,000 kwa mwaka.

Hayo yamesemwa sana. Linaloniuma zaidi ni la baadaye, mwanafunzi wangu akishavuka yote hayo na shahada anayo.

Anaitwa kwenye usaili Posta au Upanga. Kazi yenyewe ni kuhudumia wateja ambao karibu wote watamsemesha Kiswahili, ila usaili wote unafanyika kwa Kiingereza. Akisita kutafuta neno, anaonekana hajiamini. Anayetiririka ndiye anayeonekana ana akili. Mwajiri anaamini amechagua uwezo, kumbe amechagua ada ambayo mzazi alilipa miaka 15 iliyopita.

Na wengi hata usaili hawaufikii. Nafasi nyingi za fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, na za kujitolea hazitangazwi popote. Mjomba anampigia simu rafiki aliyesoma naye, basi yamekwisha. Isitoshe, kujitolea ni kufanya kazi miezi kadhaa bila mshahara. Anayeweza ni yule ambaye nyumbani wanamlipia nauli, chakula na kodi ya chumba. Kijana mmoja niliyemfundisha, hodari mno wa hesabu, aliacha nafasi ya namna hiyo katika ofisi moja ya ukaguzi wa mahesabu, kwa sababu nauli ya kutoka Chanika hadi mjini kila siku ilimshinda mama yake, muuza maandazi. Mwenzake aliyebaki aliajiriwa palepale. Leo kila anakoomba kazi, kijana wangu anaambiwa hana uzoefu.

Nawaomba waajiri wa jiji hili: tangazeni nafasi zote, hata za kujitolea. Mlipeni anayejitolea angalau nauli na chakula cha mchana. Usaili ufanyike kwa lugha ambayo kazi itafanywa, na mwombaji apewe kazi halisi aifanye mbele yenu: hesabu za mauzo azifunge, barua ya mteja mwenye malalamiko aijibu. Nao wabunge wetu wa Dar es Salaam waibebe hoja hii hadi Dodoma, ili sheria iseme wazi ni miezi mingapi mtu anaweza kufanyishwa kazi bila malipo, na ikipita hiyo, alipwe.

Mwalimu wa sekondari,
Temeke, Dar es Salaam