Ziara ya Jumamosi makumbusho: naomba uthibitisho kabla ya Jumatano

Habari za jioni, ndugu zangu wa Beijing. Jumamosi hii tunakwenda Makumbusho ya Taifa ya China.

1. Tukutane saa 3:00 asubuhi, kituo cha treni cha Tian'anmen East. Foleni ya ukaguzi huwa ndefu, tafadhali tuwahi.
2. Kiingilio ni bure, ila nafasi huwekwa mapema kwa pasipoti. Nitumieni jina kamili na namba ya pasipoti kwa faragha, si hapa kikundini. Siku yenyewe beba pasipoti halisi.
3. Chakula cha mchana: yuan 60 kwa mweka hazina.

Tunazifuata sanamu za wasanii, zilizozikwa pamoja na matajiri ili ziwaburudishe huko waendako. Wa kwanza ni mpiga ngoma wa udongo wa enzi ya Han, aliyefukuliwa Chengdu mwaka 1957. Kimo chake hakifiki hata sentimita 60, lakini mtazameni vizuri: ngoma kaikumbatia kwapani, mguu mmoja kaurusha juu, uso mzima unacheka. Mimi namwona ndiye bora kuliko vyote mle ndani. Kisha tutamwona ngamia wa enzi ya Tang, kutoka kaburi la mwaka 723 huko Xi'an, amebeba kikosi kizima mgongoni: wanne wameketi na ala zao, mmoja kasimama katikati anacheza.

Watoto wanakaribishwa, nao pia wanahitaji pasipoti.

Anayekuja aandike NAKUJA na idadi ya watu wake, mwisho Jumatano saa 2:00 usiku. Asiyeweza naye aseme, tafadhali. Asanteni sana.