Mhariri, hizi breki zinazokwaruza tusizizoee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linanikera sana na linawahusu watu wengi wenye hizi gari ndogo za kutembelea. Simama tu pale mataa ya Buguruni asubuhi foleni ikiwa inasogea, utasikia gari moja baada ya nyingine ikishika breki inatoa ule mlio wa chuma kwa chuma, krrrr, na dereva wala hana habari, kapandisha kioo anaongea na simu. Tumeshazoea, na hapo ndo pananitisha.

Breki haiishi ghafla jamani, inatoa taarifa mapema. Pedi, yale mabamba yanayoibana diski inayozunguka na tairi, nyingi zina kijibati kidogo pembeni, nyama yake ya kusugua ikishaisha sana kinagusa diski na unasikia mluzi mwembamba. Ukiupuuza huo mluzi, nyama inaisha kabisa linabaki bati la pedi linasugua diski moja kwa moja, mlio unakuwa mzito na wakati mwingine pedeli inatetemeka mguuni, na kuanzia hapo kila ukikanyaga unaila diski, yani kitu ambacho ungemaliza kwa kununua seti ya pedi sasa unanunua pedi na diski zote mbili, na muda wote huo gari inachelewa kusimama. Halafu mtu huyo huyo mwisho wa mwaka anapakia watoto na mizigo anaenda zake Mbeya, anapita mlima mkali wa Kitonga na breki hizo hizo.

Sisemi kila mkwaruzo ni balaa. Gari ikilala nje kwenye mvua, na hasa huku kwetu pwani, diski inashika kutu nyekundu, asubuhi itakwaruza mara chache tu halafu itaacha. Barabara zetu za vumbi nazo, kijiwe kinaweza kuingia kati ya diski na lile bati la nyuma yake. Ila mlio ukikaa siku nzima vua tairi uangalie.

Na kuangalia huhitaji gereji. Gari iwe sehemu ngumu na tambarare, vuta hendibreki, weka jiwe kubwa kwenye tairi za nyuma, legeza nati kabla hujapiga jeki, na tafadhali sana usitegemee jeki peke yake, weka stendi ya chuma ya kushikilia gari. Tairi ikitoka unaiona diski na kalipa, kile chuma kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski, hapo hapo. Nyama ya pedi ikibaki milimita 3 badilisha, usisubiri. Pitisha kucha kwenye diski, kama inakwama kwenye mifereji au ukingoni kuna tuta lililoinuka basi diski imeliwa, na diski nyingi zimechongwa kabisa namba ya unene wa mwisho, pameandikwa MIN TH, ikishuka hapo ni ya kutupa, hata fundi wa kukereza asikudanganye kwamba ataichonga.

Mwenye mikono mizuri anaweza kubadilisha pedi za mbele mwenyewe. Kwenye Toyota nyingi ndogo bolti za kalipa ni spana namba 14. Ukiifungua kalipa ifunge na waya juu, isining'inie kwenye mpira wake wa mafuta, rudisha pistoni, kile kinachosukuma pedi, ndani ya kalipa taratibu kwa klampu huku unaangalia mafuta ya breki yasifurike kwenye kikopo chake maana yanababua rangi ya gari. Zile pini za kalipa zinazoteleza safisha uzipake grisi yake maalumu, zikikwama pedi ya upande mmoja ndo inaisha yenyewe. Vumbi usilipulize na upepo, futa na kitambaa kibichi. Badilisha kulia na kushoto kwa pamoja, na kabla hujaliondoa gari kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu, hili wengi wanasahau, gari inateremka getini mguu unazama mpaka chini. Ukikuta pistoni imegoma, kuna uvujaji au pedeli bado inazama, acha hapo hapo, ita fundi.

Sasa mafundi. Wapo wazuri sana tena wanaofanya kazi chini ya mwembe na vifaa vichache. Lakini nimeona kwa macho yangu gereji moja ya mtaani kalipa inavuja, fundi akaukunja mpira wa mafuta ya breki akaubana na waya, mwenye gari anaambiwa atumie tu hivyo mpaka spea ipatikane. Tairi moja ya mbele haina breki kabisa! Gari hiyo ukiikanyaga ghafla inavuta upande, na anayekuwa upande huo ni bodaboda au mwanafunzi anayesubiri kuvuka. Wengine wakiona mafuta yamepungua wanaongeza oili ya injini, ambayo inavimbisha raba zote za mfumo mpaka breki zinakamata zenyewe.

Ombi langu kwa Jeshi la Polisi, Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikifika ukaguzi usiishie kwenye taa, honi na stika kwenye kioo. Gari ipewe mwendo kidogo ishikishwe breki, msikilize, na ikikwaruza tairi ivuliwe. Na nyie gazeti tunaomba walau kona ndogo ya fundi kila wiki, watu watasoma.

Kwa ambaye hataki kujichafua mikono hakuna shida, peleka kwa fundi, ila usiende kukaa kwenye kivuli. Simama pale tairi ikivuliwa, uone upande wa pili nao unafunguliwa, na pedi za zamani ukabidhiwe mkononi.

Ni mimi msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam