Mjomba, sifa ya kujikaza inanitia hofu

Mjomba, shikamoo.

Kila anayetoka kukuona anarudi na habari ile ile: "Mjomba kajikaza, mwanamume kweli." Mwanamke akifiwa na mume tunamzunguka, tunalala naye chumba kimoja, tunamwacha aseme hadi achoke. Wewe ulipofiwa na mke tulikupa mkono wa pole, tukakusifu kwa kutolia, tukaondoka. Nakuandikia hadharani kwa kuwa simu hupokei, na kwa kuwa wagane wenzako, wanaume waliofiwa na wake, ni wengi.

Mwaka 1969 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagane 4,486 wa umri wa miaka 55 na kuendelea. Katika miezi sita ya mwanzo, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 vile vilivyotarajiwa kwa wanaume wa rika lao wenye wake. Ongezeko kubwa zaidi lilikuwa la maradhi ya moyo. Ndiyo maana nauliza presha yako, wala si umbea.

Sisemi wajane wana nafuu. Mara nyingi mume huondoka na kipato, na hofu ya pesa ikipanda juu ya msiba humnyima mama usingizi na kumtumbukiza kwenye sonona, ule ugonjwa wa kushuka moyo. Ila wengi wao wana dada, jirani au shoga wa kumlilia. Nanyi? Wanaume wengi siri zao zote humwambia mke tu. Marehemu ndiye aliyekukumbusha dawa, ndiye aliyepiga simu kwa wanao kisha akakupa simu useme maneno mawili. Alipokwenda, ulifiwa na mke na njia ya kuwafikia watu wengine kwa pamoja.

Halafu sonona ya mwanaume haiji na machozi kila mara. Huja kwa hasira za ghafla, kazi zisizoisha, chupa, kukesha. Watu wakasema mzee siku hizi mkali, basi.

Huzuni yenyewe si ugonjwa, Mjomba, na hakuna anayekuhimiza umsahau. Lakini tangu 2022, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka huo unautambua pia msiba usioachia: majonzi makali yanayopita miezi sita na kumzuia mtu kuishi maisha yake. Yana matibabu, na matibabu yenyewe kwa sehemu kubwa ni mazungumzo na mtaalamu. Kitu ambacho najua utakikataa mara ya kwanza.

Jumamosi nakuja, na usijifanye umelala. Tutakwenda kupima presha, tukirudi utanisimulia habari za marehemu, hata zile nilizokwisha kuzisikia. Na kama kabla ya hapo utajiwa na wazo kwamba heri umfuate, usiisubiri Jumamosi. Nipigie saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane za usiku.

Mpwa wako