Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Ada zimetosha kulipia ukumbi na uchapaji. Hesabu kamili atazisoma mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie kazi ya kikundi chetu cha hisabati ya uwezekano.

Mwaka huu kikundi kilisoma nadharia tete ya kitanda cha deka, iliyotolewa na Mholanzi Pieter Kasteleyn katikati ya miaka ya 1980. Chora grafu, yaani nukta na mistari. Weka nakala yake juu yake, kisha unganisha baadhi ya nukta za chini na pacha wao wa juu kwa nguzo. Kila mstari, wa chini na wa juu, urushiwe shilingi: ubaki au ufutwe. Ukianzia nukta fulani ya chini, kipi kina uwezekano mkubwa: kufika nukta nyingine ya chini, au kufika pacha wake wa juu? Kasteleyn alisema ya chini haiwezi kushindwa. Nani angebisha? Kwenda juu lazima upite kwenye nguzo.

Kwa grafu kamili, ambamo kila nukta imeungana na nyingine zote, hilo limethibitishwa. Lakini Oktoba 2024 Nikita Gladkov, Igor Pak na Aleksandr Zimin, wakijenga juu ya kazi ya Lawrence Hollom, walitoa mfano kinzani: grafu ya nukta 7,222 na mistari 14,442, yenye nguzo 3 tu. Humo pacha wa juu anashinda, kwa tofauti ya takriban 10 kwa kipeo cha −4331. Hakuna kompyuta ambayo ingeiona tofauti hiyo kwa kurusha shilingi, hata ingerusha tangu ulimwengu uanze. Ndiyo maana nawasihi walimu wetu wasikubali neno “tumejaribu mara nyingi” mahali pa uthibitisho.

Mwakani napendekeza tuingie kwenye swali ambalo bado liko wazi. Chukua gridi ya miraba isiyo na mwisho, na kila mstari wake ubaki au ufutwe kwa bahati. Wanahisabati Harris mwaka 1960 na Kesten mwaka 1980 walionyesha kwamba mpaka wa upenyaji, yaani uwezekano wa mstari kubaki ambao ukipitwa hutokea fungu lisilo na mwisho la nukta zilizoungana, ni nusu, na kwamba pale mpakani penyewe hakuna fungu kama hilo. Kwenye gridi za vipimo 11 kwenda juu (ile ya miraba ina vipimo 2, urefu na upana) hilo la pili pia limethibitishwa. Katika vipimo 3, ulimwengu tunaouishi, wataalamu wote wanaamini jibu ni lile lile, na hakuna aliyelithibitisha. Tuanze na hoja ya Harris, maana wanafunzi wa kidato cha sita wanaweza kuifuata kwa karatasi na kalamu.